Kigae cha Mbagala

Unga wa kwanza nilioupika mwenyewe ulitokana na mbolea. Nilinunua yurea kwenye duka la pembejeo Kariakoo, nikaijaza kwenye bakuli la kauri lenye kifuniko, nikaichoma tanuruni kwa nyuzi 550 hadi maabara nzima ikanuka amonia. Kulipopoa nilikuta unga wa manjano mpauko, haujazi hata kijiko. Nitridi ya kaboni.

Niliuhangaikia kwa sababu ya jua letu. Dioksidi ya titani, unga unaotumia mwanga kusafisha hewa chafu na uliopata umaarufu mwaka 1972 kwa kazi ya Fujishima na Honda wa Japani, huamshwa na miale ya urujuanimno tu, nayo ni kama asilimia 5 ya nguvu ya jua. Jua lote hili la Temeke, halafu tutumie chembe! Unga wa manjano hula hata mwanga wa buluu. Nikauchanganya na dioksidi ya titani, nikapaka vigae.

Ndani ya sanduku la majaribio, oksidi ya nitriki, gesi ya moshi wa magari, ilishuka upesi. Nikakimbilia kwa mwalimu wangu na grafu mkononi. Mzee akaitazama, akauliza: "Imekwenda wapi?" Sikuwa na jibu. Nilipopima upya, nyingi ilikuwa imegeuka dioksidi ya nitrojeni, ambayo kwa mapafu ni mbaya zaidi. Inatakiwa ifike hadi nitrati, chumvi inayobaki juu ya kigae ikaoshwa na maji. Tangu siku ile sijaandika kipimo cha gesi moja bila cha nyingine.

Kiangazi kimoja nilitundika vigae vinne Mbagala Rangi Tatu, kando ya Barabara ya Kilwa, malori na daladala yakivitemea moshi wa dizeli. Nilipovishusha, vitatu vilikuwa vimekufa kwa vumbi na masizi. Cha nne, kwenye kibanda cha mama muuza mihogo, kilifanya kazi kama kipya.

"Nakifuta kila asubuhi, mwanangu," aliniambia. "Kilikuwa kinanitia aibu mbele ya wateja."

Kitambaa chake cha maji kilikuwa kimeondoa vumbi na nitrati kwa pamoja. Nilikaa pale kwenye benchi lake muda mrefu, chai ikapoa.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kikomo linachopendekeza cha wastani wa mwaka cha dioksidi ya nitrojeni kutoka mikrogramu 40 hadi 10 kwa mita ya ujazo. Kwa hiyo nawaomba, vijana mnaopika unga mpya: pimeni gesi zote mbili, kisha kitundikeni kigae barabarani kabla ya masika, kile vumbi.