Neno Lililoniunguzia Cherehani

Leo nakupeni kisa cha neno moja la Kiingereza lililonitia hasara.

Mwaka juzi nilinunua cherehani ndogo ya umeme, hizi za nyumbani. Ndani ya boksi mlikuwa na karatasi ya maelezo, imeandikwa usiiendeshe "continuously". Mimi nimeishia Fomu Foo, kisha nikasomea ushoni. Kiingereza changu cha kubahatisha. Nikatazama kamusi: kwa mfululizo. Basi nikafahamu siku kwa siku, maana sisi tukisema mvua imenyesha wiki nzima mfululizo, hatuna maana haikukatika hata saa moja. Nikaamua ipumzike kila Ijumaa, nikajiona hodari.

Ukaja Ramadhani. Kumi la mwisho nguo za Sikukuu zimejaa mpaka kitandani, na arubuni za watu nishazitumia. Nikitoka tarawehe nashona mpaka daku, mguu hautoki kwenye kanyagio. Usiku wa kuamkia 27 nikasikia harufu, mara moshi. Mota imekufa. Nililia, wallahi. Nguo nilizimalizia kwa cherehani ya miguu ya mama mkwe, na wateja wawili niliwarejeshea pesa zao kwa aibu.

Baada ya Sikukuu, mteja wangu mmoja ambaye ni mwalimu aliisoma ile karatasi akacheka. Akaniambia, "continuously" ni bila ya kukatika hata kidogo, kama mfereji uliosahauliwa wazi. Jambo linalokatika likarudi tena na tena lina neno lake, "continually", kama adhana kila siku mara tano. Karatasi ilitaka mota ipate kupoa baina ya kazi na kazi. Ijumaa yangu haikusaidia kitu.

Maneno yale yalinikaa, kwa sababu dini yetu imeshatufunza tafauti hiyo. Mtume (S.A.W.) aliwakataza masahaba kuunganisha saumu bila ya kufuturu. Hata mwenye kafara ya miezi miwili mfululizo, jua likizama anafungua. Na Bibi Aisha (R.A.) amesimulia kuwa amali inayopendeza zaidi kwa Allah ni ile ya kudumu, ingawa ni kidogo. Ya kudumu, dada zangu, siyo isiyopumua.

Nikakumbuka kwamba kumi lile zima mwanangu alifuturu kwa shangazi yake, na mimi Qur-ani sikuifungua. Haikuungua cherehani peke yake.

Siku hizi oda za Sikukuu mwisho mwezi 15 Ramadhani. Nikimaliza nguo moja nazima, naangalia daftari la mwanangu, nasoma kurasa mbili, ndipo narudi. Nguo zinatoka wakati wake, na mota mpya bado nzima, alhamdulillahi.

Na wewe dada, ya kwako ilipoa lini? Tuombeane.