Turbo Imelala

Kuna kitu ambacho kila dereva wa pikapu ya dizeli anakijua na Kiswahili hakijakipa jina moja. Unakanyaga mafuta, injini inaunguruma kidogo, halafu hakuna kinachotokea. Gari ni kama linakuuliza, "Unasema kweli?" Ndipo linavuta. Mafundi wa Iringa wanasema turbo imelala. Wengine wanasema gari linachelewa kuchukua. Baba yangu anasema linasita, na kwa kuwa ndiye aliyenifundisha kuendesha, nitalitumia neno lake.

Mwaka jana neno hilo liligeuka kesi nyumbani. Baba ana miaka 74 na bado anashuka na Hilux Vigo yake kutoka Ilula akiwa na matenga ya nyanya, anapanda na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni. Katikati kuna Kitonga. Asiyepajua afikirie barabara kuu ya kwenda Zambia imebanwa kati ya ukuta wa mlima na bonde, kona baada ya kona, na semi zinapanda kwa mwendo ambao mtu mwenye haraka angezifuata kwa miguu. Baba alianza kulalamika kwamba gari linasita kuliko zamani. Kaka zangu wawili, wote wako Dar, walisikia kitu kingine kabisa: mzee amechoka, mguu umekuwa mzito, anasingizia gari. Kaka mkubwa akasema funguo zichukuliwe kabla ya Krismasi. Mimi nikasema sawa, lakini kwanza tujue ni nani anayesita.

Turbo ni feni mbili kwenye shafti moja. Ya kwanza inasukumwa na moshi unaotoka kwenye injini. Ya pili inashindilia hewa safi ndani ya injini, ili mafuta mengi zaidi yaweze kuungua. Yaani gari linatumia pumzi linayoitoa kuvuta pumzi kubwa zaidi. Wazo hilo ni la Mswisi mmoja, Alfred Büchi, aliyelisajili mwaka 1905, na ilimchukua takriban miaka 20 kulifanya lizae matunda kwenye injini ya dizeli. (Hata turbo yenyewe ilisita.) Shida imo humo humo kwenye wazo: ili upate nguvu unahitaji moshi mwingi, na ili upate moshi mwingi unahitaji nguvu. Feni ambayo ikichangamka inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, resi ikiwa chini inajizungukia tu kama kititia siku isiyo na upepo. Na kompyuta ya gari, ikiona hewa haijafika, inabana mafuta, kwa sababu dizeli bila hewa ni moshi mweusi na kelele.

Halafu kuna mlima wenyewe. Iringa mjini iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia 10. Turbo inapaswa kuzunguka kwa kasi zaidi kushindilia hewa ile ile. Ndiyo maana pikapu moja inaweza kuwa mwepesi ikiwa Morogoro, ikafika juu ya Kitonga na mzigo ikaanza kufikiri.

Na kufikiri huko si mchezo. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, kila sekunde gari linakula karibu mita 17 za barabara. Kwenye kipande kilichonyooka, pale ambapo kuovateki kunaruhusiwa, ukitoka nyuma ya lori halafu gari likasita sekunde tatu, hizo ni mita 50 umezitumia ukiwa upande wa watu wengine.

Fundi wa kwanza alisikiliza kwa dakika mbili, injini ikiwa inanguruma pale pale ilipoegeshwa. "Dada, tunafunga turbo kubwa, tunacheza na kompyuta, mzee anapaa." Bei ilikaribia milioni tatu. Mzee wa miaka 74 apae, tena Kitonga! Lakini hata ukiacha bei, dawa hiyo ni ya ugonjwa mwingine. Feni kubwa ni nzito, na kitu kizito kinachelewa kuanza kuzunguka. Turbo kubwa inakupa nguvu nyingi juu, resi zikishapanda, na huku chini inalala usingizi mzito zaidi. Kijana mmoja pale gereji akadakia kuhusu magari ya Safari Rally, ambayo mafuta yanalipuliwa makusudi kwenye eksosi ili turbo isipoe hata dereva akiachia mguu. Ni kweli, na mlio wake ni mtamu, ila turbo ya namna hiyo inaishi kwa mateso. Sisi tunabeba vitunguu.

Fundi wa pili ana gereji chini ya mti na hazungumzi sana. Alikataa kufungua boneti mpaka gari lipakiwe mzigo. "Likiwa tupu litanidanganya," alisema. Basi tukapakia magunia, Baba akaendesha, fundi akakaa pembeni yake na kioo kimeshushwa, mimi nyuma. Kwenye mwinuko, gia ya tatu, alimwambia, "Mzee, kanyaga sasa." Baba akakanyaga. Nilisikia sauti nyembamba, kama mtu anayevuta chai ya moto. Nikageuka: moshi mweusi nyuma yetu.

"Unasikia?" fundi akamuuliza Baba.

"Nimesikia tangu Pasaka," Baba akajibu.

Tuliporudi aliziba njia ya hewa kwa kifuniko alichokifunga valvu ya tairi, akapuliza upepo kwa kompresa, kisha akachukua brashi ya rangi na maji ya sabuni, akapaka kila mpira kuanzia kwenye turbo mpaka kwenye intakula. Chini ya mpira mmoja, upande usioonekana ukisimama, povu likaanza kuchemka. Mpasuko wa urefu wa kidole. Injini ikiwa imetulia, mpira unajifunga wenyewe na huoni kitu. Presha ikipanda, unafunguka kama mdomo. Hewa ambayo kompyuta ilikuwa imeshaihesabu ilikuwa inapotea njiani, mafuta yanakuja kamili, ndio ule moshi mweusi. Na turbo, maskini, ilikuwa inajaza ndoo iliyotoboka.

Akabadilisha mpira na klipu zake, akaweka ea-klina mpya kwa sababu ile ya zamani ilikuwa na vumbi jekundu la kutosha kupanda mchicha, akasafisha masizi kwenye njia ya hewa. Vile visu vidogo ndani ya turbo, vinavyobana njia ya moshi resi zikiwa chini ili feni iamke mapema, alivipima kwa kompyuta akakuta vinacheza bila kukwama. Turbo yenyewe haikuwa na kosa. Kazi yote ilikuwa chini ya laki mbili.

Nilipima kwa simu, mwinuko ule ule, magunia yale yale. Kabla, sekunde nne na ushee. Baada, moja na nusu. Hiyo moja na nusu haiondoki. Ni umbile la kitu. Baba anajua namna ya kuishi nayo: anashusha gia kabla ya kona, si ndani ya kona, na mguu wake unaomba nguvu kabla hajaihitaji. Amefanya hivyo miaka yote, na ndiyo maana alijua mapema kwamba gari limeongeza kitu chake.

Niliwapigia kaka zangu. Mdogo alicheka, akatuma nusu ya pesa. Mkubwa alinyamaza, kisha akasema, "Sawa, gari limepona. Na yeye?"

Lilikuwa swali la haki. Sasa gari lilikuwa limetoka kwenye hesabu, na kilichobaki kingeweza kupimwa. Wiki mbili mfululizo nilishuka naye Ruaha na kupanda naye, simu mapajani, nikihesabu muda kati ya taa za breki za lori la mbele na mguu wa Baba. Mchana hakunipa hata nafasi ya kuhesabu, alikuwa ameshakanyaga. Jioni, taa za magari yanayoshuka zikitupiga usoni, nilifika moja, mara nyingine nikaikaribia mbili.

Sikumwambia. Lakini safari ya mwisho, tukiwa bado tunapakia, aliangalia saa, akawaambia vijana waharakishe. "Tuondoke saa nane, mama," akaniambia. "Jua likizama nataka niwe nimeshafika Ilula, nanywa chai."