Wiki Moja Bila Soko

Mama amefika Guangzhou mara tano na hajawahi kukaa chini ya mti. Anajua Xiaobei tu: viatu vya jumla, mikahawa yenye maandishi ya qingzhen, yaani halali, halafu kulala. Safari hii nimempangia wiki nzima ya kupumua. Bustani ya Yuexiu, polepole, magoti yakikubali. Mlima Baiyun kwa gari la kebo. Ijumaa, msikiti wa Xianxian, jirani na bustani ya okidi.

Akausoma mpango dukani, hapa Kitengela.

“Mlima ya nini? Kwani Ngong si mlima?”

“Ni mlima, Mama, na huko pia hujawahi panda.”

Akacheka. Kisha akauliza kama juu huko wanauza viatu.