Baba ni Nani?

Wapo watu wanaosema kwamba sosholojia ni kueleza kwa maneno magumu mambo ambayo kila bibi kizee anayajua. Kauli hiyo nimeisikia kwa walimu wenzangu, na hata kwa vijana wanaolisoma somo lenyewe vyuoni. Mimi naona kinyume chake. Elimu hii huanza pale jambo linalojulikana na kila mtu linapokataa kueleweka. Kwetu Nyamwaga, wilayani Tarime, jambo hilo laweza kuwa neno dogo kama "baba".

Nilipokuwa mwalimu mkuu, kila mwanzo wa mwaka nilikaa na daftari la uandikishaji mbele yangu. Lilikuwa na safu ya jina la mtoto, safu ya tarehe ya kuzaliwa na safu ya jina la baba. Mara kwa mara alifika mama na mtoto wake, nikamwuliza jina la baba, naye akataja mtu ambaye wote tulijua kuwa alizikwa miaka kumi kabla mtoto yule hajazaliwa. Hakuwa akidanganya wala hakuona haya. Nyuma yake alisimama mama mzee, akiitikia kwa kichwa. Walimu waliotoka mikoa mingine walitazamana. Sisi wa hapa tuliandika jina lile, tukamwita mtoto mwingine.

Hiyo ndiyo nyumba ntobhu, na haieleweki bila kwanza kueleza nyumba ni nini. Kwa Mkurya nyumba si udongo na nguzo. Mwanamume mwenye wake watatu ana nyumba tatu katika mji mmoja, na kila nyumba ina mashamba yake na ng'ombe wake. Binti akiolewa, ng'ombe wa mahari yake huingia nyumba ya mama yake, na kwa ng'ombe hao kaka yake wa nyumba hiyo hiyo huoa. Sasa ikiwa nyumba ina mabinti lakini haina mtoto wa kiume, ng'ombe wapo, mwoaji hayupo. Hapo mama mwenyewe hutoa mahari, akamwoa msichana aje azae kwa jina la nyumba. Si mapenzi ya wanawake wawili, kama baadhi ya wageni wanavyodhani. Msichana huwa kama mkaza mwana, mke wa mtoto wa kiume ambaye hakuzaliwa. Mwanamume anayemzalisha huja na kuondoka, na hana dai lolote juu ya watoto.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu vitabu vingi vya sosholojia huanzia mbali, na msomaji huchoka kabla hajafika. Huanzia kwa Auguste Comte, Mfaransa aliyezaliwa Montpellier mwaka 1798, miaka tisa baada ya Mapinduzi ya Ufaransa kuanza. Comte alikulia katika nchi ambayo mfalme alikuwa amekatwa kichwa na kanisa limenyang'anywa mali, na watu wakawa wanaulizana ni kitu gani sasa kitakachowashikanisha. Alitaka jamii ichunguzwe kama maumbile yanavyochunguzwa, na elimu hiyo kwanza aliiita fizikia ya jamii. Mwaka 1838 akaibuni kwa ajili yake jina la sosholojia, kwa kuunga neno la Kilatini na la Kigiriki. (Wapo waliolichukia jina hilo kwa uchotara wake. Sisi tunaosema Kiswahili hatuna sababu ya kushangaa chotara.) Hata hivyo Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, alikwisha kuuliza swali lile lile takriban miaka 460 kabla yake. Aliandika juu ya asabiya, yaani mshikamano unaowapa watu wa ukoo nguvu ya kuteka miji, kisha ukalegea kwa raha za mjini. Mzee yeyote wa Tarime aliyeona vijana wakihamia kwenye machimbo ya dhahabu ya Nyamongo angemwelewa bila mkalimani.

Lakini aliyenisaidia mimi kulielewa daftari langu ni Emile Durkheim. Katika kitabu chake cha mwaka 1895 kuhusu kanuni za elimu hii, alisema kwamba kuna mambo yaliyo nje ya mtu mmoja mmoja nayo humlazimisha, na kwamba mambo hayo yachunguzwe kama vitu. Jaribu kuoa hapa bila ng'ombe, nawe utakigusa kitu hicho kama unavyogusa ukuta gizani. Hakuna mtu aliye hai aliyeitunga kanuni hiyo, wala hakuna mmoja awezaye kuifuta peke yake. Na "baba" ni kitu cha aina hiyo. Ni nafasi katika jamii kabla ya kuwa mtu. Nafasi yaweza kujazwa na aliye hai, na aliyekufa, na hata na asiyezaliwa, mradi ng'ombe wametolewa na watu wameshuhudia.

Hapo ningeweza kuridhika, maana maelezo ya Durkheim yanapendeza: kila kitu kinashikilia kingine, na nyumba inasimama. Lakini nilikuwa na shangazi. Alizaa mabinti watatu, akafiwa na mumewe, na shemeji zake wakaanza kupita kwenye shamba lake la kahawa na migomba wakilitazama kama watu wanaopima. Akaoa. Nilipomwuliza kwa nini, alinijibu, "Moto wangu usizimwe na watu ninaowaona." Max Weber, Mjerumani, alifundisha kwamba tendo la mtu halijaelezwa mpaka ujue mtendaji mwenyewe analipa maana gani. Shangazi hakuwa akitimiza mila tu. Alikuwa anajenga boma dhidi ya watu aliowajua kwa majina.

Na yule aliyeolewa? Miaka mingi baadaye, shangazi akiwa ameshazikwa, nilimwuliza naye. Akacheka kidogo, akasema, "Mimi nilikuwa njiani, ng'ombe wakapita." Baba yake alikuwa na shida, na hakuna aliyemshauri yeye. Ndiye aliyelima shamba lile kwa mikono yake, na watoto aliowazaa ni wa nyumba ya mwingine. Karl Marx angeuliza mapema kuliko wote watatu: nani anamiliki, na nani anatoka jasho? Nathubutu kusema kwamba mwalimu anayefundisha mila bila swali hilo anafundisha nusu ya somo.

Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, kwa hiyo nyumba ntobhu haimo. Nchini Kenya, mwaka 2011, Mahakama Kuu ya Mombasa ilimkubali mwanamke aliyeolewa na mwanamke mwenzake kwa mila ya Kinandi, ikatambua kuwa yeye na watoto wake ni warithi. Wenzangu hubishana nchi ipi imefanya vema. Mimi naangalia kwingine. Desturi hii imesimama juu ya mguu mmoja, nao ni kwamba binti harithi ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilimpa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume. Laiti shangazi angeliweza kuwaachia mabinti zake lile shamba, asingelikuwa na haja ya kumwoa mtu.

Mke wake alizaa wavulana wawili na msichana mmoja. Yule msichana ndiye aliyemwuguza mama yake mpaka dakika ya mwisho, na sasa anadai sehemu yake ya shamba. Kaka zake wanakataa. Wanasema mtoto wa kike ni wa kuolewa, na kwamba mila ndiyo iliyowapa wao nyumba hii. Kikao cha ukoo kimekaa mara mbili, nami nimeitwa kwa kuwa natoka upande wa kwao bibi yao. Mara ya pili binti aliniuliza, mbele ya wazee, kama mama yake aliletwa ili ukoo upate wanaume au ili shamba lisipotee. Mzee mmoja akasema hayo ni maswali ya shule. Kikao cha tatu kitakaa baada ya mavuno ya mahindi.