Sare ya Shule na Mkasi wa Mwalimu

Katika mwambao wetu vazi halikuwa kamwe jambo la kujisitiri peke yake. Zama za utumwa Unguja, kaniki na merikani yalikuwa mavazi ya mtumwa, na kofia kichwani ilikuwa alama ya mwungwana. Utumwa ulipoondolewa kisheria mwaka 1897, waliokuwa watumwa hawakukawia kujitwalia kanga za rangi na kanzu, maana walijua fika kwamba nguo humtangaza mtu kabla hajafungua kinywa. Hata Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulipotangaza Operesheni Vijana ili kupiga marufuku sketi fupi, suruali za kubana na mawigi katika Dar es Salaam kuanzia Januari 1969, mabishano makali yalizuka magazetini: je, utamaduni wa taifa hupimwa kwa futikamba?

Nayataja hayo kwa sababu sare ya shule ilikusudiwa kufanya kinyume cha kaniki. Shabaha yake ni kuficha cheo. Mtoto wa mkulima na mtoto wa mkurugenzi waketi dawati moja, na jicho la mgeni lisiweze kuwatofautisha. Sisi watunzi wa mashairi twaielewa sheria ya namna hiyo: mizani haimwulizi mtunzi amekula nini. Kwa hiyo mimi ni mtetezi wa sare, tena mtetezi mkali.

Lakini yategemea inasimamiwaje. Mwaka 1983, nikiwa kidato cha pili, nguo zilikuwa adimu madukani na watu walipanga foleni tangu alfajiri kwa mita chache za kitambaa. Mwenzetu mmoja, mtoto wa mvuvi, alikuja gwarideni na suruali yenye viraka magotini; kiraka kimoja kilikuwa cha rangi nyingine. Mwalimu wa zamu alimtoa mbele, akaipasua suruali ile kwa mkasi, tangu goti hadi chini, sote tukitazama. Kijana hakulia. Alijifunga shuka la bweni, akaingia darasani. Baada ya majuma mawili aliondoka bila kuaga, wala hakurudi. Siku ile sare ilifanya kazi ya kaniki.

Mwaka 2016 ada iliondolewa katika shule za serikali hadi kidato cha nne, lakini sare bado hununuliwa na mzazi. Na miili ya vijana haingoji mshahara wala mavuno. Msichana wa miaka kumi na minne hurefuka. Sketi iliyovuka magoti Januari yaweza kuwa juu ya magoti ifikapo Septemba, na hakuna aliyeikata. Kumpima huyo mbele ya wavulana ni kumwadhibu kwa kukua. Mvulana aliyempelekea fundi wa mtaani suruali yake ili ibanwe, au anayeishusha makalioni kwa mtindo waitao kata kei, kesi yake ni nyingine kabisa, nami simwonei huruma. Apewe sindano na wembe, afumue mshono mwenyewe baada ya masomo.

Hapo ndipo walimu wengi hunitazama kwa mashaka, kana kwamba nasema mzaha. Hasha. Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, watu waliifikiria kwa jembe. Sindano haikupewa nafasi kubwa. Katika shule moja ya kata niliyoizuru kikazi, mwalimu wa kike aliweka cherehani kuukuu katika ghala. Wazazi waliombwa kuacha upindo mpana katika kila sketi na suruali mpya, angalau vidole vinne. Kila Ijumaa alasiri wanafunzi, wavulana kwa wasichana, hukunjua mapindo, hutia viraka na kukaza vifungo. Aliyekuja na nguo iliyochanika huingia darasani kwanza, ghalani baadaye. Nilimwuliza mwalimu gharama yake. Alinionyesha vibunda vitatu vya uzi na pakiti ya sindano, akaniomba nisogee, kwani nilikuwa nimesimama penye mwanga wa dirisha na foleni ilikuwa ndefu.