Damu ya Mgeni na Damu Yetu

Sisi tunaotembelea wagonjwa katika usharika wetu hapa Mabira tumezoea kuulizwa swali moja: hawa wageni wamepimwa? Wageni ni hao waliovuka mpaka, wengine zamani, wengine juzi. Wanaouliza si watu wabaya. Ni wazee wa kanisa, akina mama wa kwaya, watu ambao usiku wa manane watambebea mgonjwa machela bila kuuliza kabila lake.

Jibu letu ni kwamba kupimwa ni vema. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa mwilini miaka mingi mtu akilima na kucheka kama kawaida, huku ini likiharibika kimyakimya. Mama anaweza kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua. Tone la damu kidoleni, chini ya nusu saa, jibu linapatikana. Mwenye VVU ana dawa zake. Mwenye homa ya ini C anaweza kupona kabisa kwa vidonge vya wiki 8 au 12. Wa B hufuatiliwa, na anayehitaji hupewa dawa. Aliyekimbia vita, akachomwa sindano asizojua zilichemshwa wapi, pengine akatendewa ukatili njiani, anastahili kujua hali ya damu yake.

Lakini kipimo kiwe chake yeye. Hapo ndipo tunapotofautiana na wanaouliza.

Sisi watu wa Kagera tumewahi kunyooshewa kidole. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania, mwaka 1983, walikuwa wa mkoa huu. Hapa watu waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo za magendo zilizotoka Uganda. Hata sisi tulitafuta wa kumtwika, tukamwona ng'ambo ya mpaka. Wazee wetu wanakumbuka kufika mikoa mingine, kutaja kwao ni Bukoba, na kuona mwenyeji akisogeza kiti. Waisraeli waliagizwa wamtendee mema mgeni kwa sababu nao walikuwa wageni Misri. Sisi Misri yetu haina hata miaka hamsini.

Kisha ikaja 1994. Kule Rusumo, wilayani Ngara, watu wapatao 250,000 walivuka kutoka Rwanda katika muda wa siku moja hivi, mwishoni mwa Aprili. Huku kwetu Karagwe, kabla Kyerwa haijawa wilaya, zikawapo kambi kama Chabalisa na Kagenyi hadi wengi waliporudishwa kwao Desemba 1996. Maneno ya mitaani yalikuwa kwamba wameleta magonjwa. Ugonjwa tulikuwa nao zaidi ya miaka kumi.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi linasisitiza kwamba mkimbizi asilazimishwe kupima VVU, na majibu yawe siri. Lina sababu. Hadi Januari 2010, mkimbizi wa kambi kama Nyarugusu aliyetaka kuhamia Marekani, akikutwa na VVU, alihitaji kibali maalumu ili aingie. Kipimo kinaweza kuwa mlango, kinaweza pia kuwa komeo.

Mwaka fulani tulipanga siku ya kuchangia damu baada ya ibada. Damu inayochangwa hupimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende, iwe ya askofu au ya kibarua wa shamba la kahawa. Mmoja wetu akashauri wageni wapange foleni yao pembeni. Mzee wa kanisa, ambaye huwa hasemi sana, akamuuliza kama amewahi kuchanjwa homa ya ini. Hakuwahi. Chanjo hiyo ilianza kutolewa kwa watoto nchini mwaka 2002. Sisi tuliozaliwa zamani tunafanana na wageni kwa kuikosa. Foleni ikawa moja.

Kuna mama mmoja wa ng'ambo, ametukubalia tuandike bila jina lake, aliyekutwa na B akiwa mjamzito. Alichoogopa kuliko ini ni kikombe cha Meza ya Bwana: je, wakijua, watakunywa baada yake? Virusi hivi haviambukizwi kwa kikombe, wala sahani moja ya ndizi, wala kukumbatiana. Tulimwambia hivyo, na hatukumwambia mtu mwingine. Alimeza vidonge miezi ya mwisho ya mimba kama alivyoelekezwa, akajifungua, na mtoto amemaliza chanjo ya wiki ya 14. Kadi ya kliniki ameiweka kwenye mfuko mmoja wa nailoni na cheti cha ubatizo. Jumapili bado anakaa benchi la tatu, na bado wanaouliza kama wageni wamepimwa hukaa karibu naye.