Mfadhili Alituuliza Wako Wangapi

Mimi ni mkazi wa Muheza, mkoani Tanga. Msimu wa machungwa nauza machungwa, na msimu ukiisha nauza chochote kinachouzika. Mwanangu wa pili ana mtindio wa ubongo. Alichelewa kulia alipozaliwa, na waliowahi kuingia leba wanajua maana yake. Mimi pia ni mweka hazina wa kikundi cha wazazi wenye watoto wenye ulemavu, na hicho cheo ndicho kinachonifanya nitoe ushuhuda huu.

Kabla ya kikundi, kila mzazi alitafuta msaada kivyake. Unabeba barua ya daktari, barua ya mtendaji wa kata na picha ya mtoto, kisha unapita msikitini baada ya swala ya Ijumaa, kanisani Jumapili, kwa wenye maduka, na kwa mheshimiwa akija jimboni. Picha yenyewe ilichaguliwa. Anayocheka haikufaa. Ilitakiwa ile aliyolala mkekani, miguu imepishana, mate yanamtoka. Watu walitoa, na siwadharau hata kidogo. Yupo mama aliyenipa elfu moja ambayo nina hakika ilikuwa ya mboga. Lakini fedha hiyo iliishia kwenye nauli ya kwenda Hospitali ya Bombo, Tanga mjini, kwa ajili ya mazoezi ya viungo, na mwezi unaofuata unaanza upya kwa watu wale wale, ambao picha hiyo wameshaizoea.

Kisha vikaja viti mwendo vya msaada. Sitasema vilitoka kwa nani, kwani nia ilikuwa njema. Kulikuwa na hotuba, kulikuwa na maturubai na soda, na kila mtoto alipigwa picha amekaa. Vilikuwa vya watu wazima. Mwanangu alizama ndani ya chake, mgongo ukapinda upande, shingo ikaangukia begani, na baada ya muda mfupi alianza kulia. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2008 unaosema kiti mwendo lazima kilingane na mwili wa mtumiaji na mazingira anayoishi, na kwamba kisicholingana kinaweza kumdhuru. Sisi tulikuwa hatujausikia mwongozo huo, ila tulikuwa na macho. Hakuna aliyekuja kuwapima watoto. Nyumba nyingi viti vile viligeuka vya kuanikia nguo.

Aliyetutoa huko ni afisa maendeleo ya jamii wa kata, msichana mdogo tu, ambaye kina baba walimwita "mtoto" hadi walipomzoea. Alituambia kuna taasisi nje na ndani ya nchi ambazo hazimpi mtu mmoja mmoja, zinakipa kikundi, na baadhi ya hizo zinataka kikundi hicho kiongozwe na wenyewe wenye shida. Alitupa mfano wa Abilis ya Finland, iliyoanzishwa mwaka 1998 na watu wenye ulemavu, akiwamo mwanasiasa Kalle Könkkölä, ambaye mwenyewe alitumia kiti mwendo. Taasisi ile hutoa ruzuku ndogo kwa vikundi vya watu wenye ulemavu, na kwa upande wa watoto, kwa vikundi vya wazazi wao. Hilo lilitushangaza kuliko kiasi cha fedha. Tulikuwa tumezoea kuwa na msemaji, mtu mwenye suti anayesimama mbele yetu na kutueleza.

Usajili wa kikundi halmashauri haukuwa mgumu. Katiba, muhtasari wa kikao, majina ya wanachama, akaunti ya benki yenye watia saini watatu. Tukaweka na mchango wa kila mwezi, kidogo kiasi kwamba wengine walicheka. Mchango huo ulikuja kutusaidia kuliko tulivyodhani, kwa sababu fomu ya mfadhili tuliyemwomba iliuliza kikundi kinachangia nini chenyewe, na sisi tulikuwa na daftari.

Andiko la kwanza la kuomba ruzuku tuliandikiwa na mwalimu mstaafu anayependa Kiswahili kizito. Lilianza na dunia nzima. Alikuwa amesoma kwamba UNICEF ilikadiria mwaka 2021 kuwa watoto wenye ulemavu duniani wanakaribia milioni 240, akaiweka hiyo mstari wa kwanza, na kutoka hapo akashuka polepole, Afrika, Tanzania, hadi Muheza, ambako aliandika "wengi sana". Tulilisoma kwa sauti kwenye kikao tukapiga makofi. Jibu la mfadhili lilikuwa fupi: katika kata yenu wako wangapi, na mmejuaje?

Hatukuwa na jibu. Tuliwajua watoto tuliokutana nao kliniki na wale wa jirani. Lakini kata nzima? Mwenyekiti alisema tuandike makadirio. Yule afisa akakataa, na mimi namshukuru hadi leo, kwa sababu kuhesabu ndiko kulikotubadilisha. Ruzuku ilikuja baadaye.

Alitufundisha kwanza namna ya kuuliza. Ukibisha hodi na kusema, "Tunatafuta watoto walemavu, hapa mnao?" utajibiwa hapana, mlango utafungwa, na jioni utasikia umewatukana watu. Kuna maswali yaliyotengenezwa na kundi la wataalamu wa takwimu linaloitwa Washington Group, ambalo mwaka 2016 pamoja na UNICEF lilitoa seti ya maswali ya watoto. Hayataji ulemavu kabisa. Yanauliza kama mtoto anapata shida kuona, kusikia, kutembea, kujihudumia, kueleweka anapozungumza, kukumbuka, na shida hiyo ni ya kiasi gani: hakuna, kidogo, kubwa, au hawezi kabisa. Tulichukua machache, tukayapitia na mjumbe wa kila kitongoji, tukagawana njia.

Nyumba moja bibi alitukaribisha vizuri, akatuambia wajukuu wote wazima. Tukaendelea na maswali yetu taratibu. Tulipofika kwenye "kuna anayepata shida kula mwenyewe?" alinyamaza, kisha akainuka akafungua chumba cha nyuma. Sitaeleza nilichokiona, kwa sababu mtoto yule ana heshima yake. Nitasema tu kwamba mama yake yuko kazini mjini, bibi anamlisha akiwa amelala, anapaliwa kila mara, na kifua hakimwachi. Bibi hakuwa mkatili. Hakuna mtu aliyewahi kumwonyesha namna nyingine.

Tulimkuta binti ambaye mtaa mzima ulimwita mjinga, kumbe hasikii. Kulikuwa na mvulana mwenye kifafa aliyetolewa shule baada ya kuanguka mstarini; wenzake waliogopa kumgusa wakidhani povu linaambukiza. Mwingine tulimwandika haoni, na alipopelekwa kupimwa alihitaji miwani tu. Wapo waliotufukuza pia. Na wapo akina baba waliotufuata njiani, mbali na nyumba, kuuliza kwa sauti ya chini kikundi hiki kinakutana siku gani. Nasema akina baba kwa makusudi, maana katika mambo haya mara nyingi husemwa wamekimbia. Wengine wamekimbia kweli. Wengine hawakuwahi kualikwa.

Andiko la pili halikuwa na dunia ndani yake. Lilikuwa na kata yetu, kitongoji kwa kitongoji, bila jina la mtoto hata mmoja, na shida zenyewe zimepangwa kwa aina. Na hesabu ilipokaa mezani, ombi nalo likabadilika. Tulikuwa tumekusudia kuomba viti mwendo. Tulipotazama orodha tuliona wengi wa wanaohitaji kukaa ni wadogo, wanakua, na kiti cha kiwandani kitawabana kabla ruzuku haijaisha. Mtaalamu wa mazoezi tiba akatuambia habari za viti vya karatasi, ufundi uliobuniwa Zimbabwe na mwalimu Bevill Packer: maboksi na karatasi chakavu, vinabandikwa tabaka kwa tabaka kwa uji wa unga, vinakaushwa juani, vinapakwa rangi au vanishi. Mtoto anapimwa kwanza, na kiti kinajengwa kumfuata yeye, na meza yake mbele. Maboksi Muheza si tatizo.

Bajeti ilitugombanisha. Baadhi ya wanachama walitaka posho ya kila kikao, wakisema mradi usio na posho ni mradi wa wajinga. Wengine tulitaka fedha iende kwenye mafunzo, nauli za watoto na vifaa. Mabishano yalikuwa makali na wapo waliojitoa. Msimamo wangu haujabadilika: posho ya kikao hapana, lakini mama anayeacha biashara siku nzima kumfundisha mwenzake namna ya kumlisha mtoto alipwe nauli na chakula, na iandikwe wazi. Mfadhili alikubali hilo bila swali. Alichokata ni bajaji tuliyoiomba. Akauliza vilevile nani atatengeneza viti vikiharibika mradi ukiisha, swali ambalo wenzetu wa hotuba na soda hawakuwahi kujiuliza.

Fedha ilipoingia nilijifunza kazi ya mweka hazina kwa tabu. Vanishi unapata risiti ya mashine. Bodaboda hana mashine, hivyo kila safari ina hati ya malipo yenye saini au dole gumba. Profoma tatu kwa manunuzi makubwa, hata kama duka lenye bei nzuri unalijua tangu utoto. Taarifa ya fedha kila robo mwaka. Nilizoea.

Viti si vya ajabu. Cha kwanza kililoa masika kikalegea, tukajifunza kuongeza vanishi chini na kuviinua kutoka sakafuni. Lakini mwanangu sasa anakula ameketi, kichwa kimesimama, mikono iko huru juu ya meza yake, na kupaliwa kumepungua sana. Yule wa chumba cha nyuma anakaa barazani na bibi yake mchana. Ruzuku imekwisha, viti tunaendelea kutengeneza kwa mchango wa mwezi. Shule haijatatuka: kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu kiko mbali, na nchi kuwa na mkakati wa elimu jumuishi, ulioanza 2021/22, hakujampunguzia mtoto wetu kilomita hata moja. Maombi mengine tuliyopeleka yamekataliwa. Kwingine wanataka hesabu zilizokaguliwa za miaka kadhaa, kwingine fomu ni ya Kiingereza peke yake, jambo ambalo kwa maoni yangu linawapa fedha wajuzi wa Kiingereza na kuwaacha wanaomjua mtoto.

Siombi tena kwa picha. Mfadhili aliomba katiba, hesabu na bajeti, na picha alisema tusitume kabla mzazi hajaridhia kwa maandishi.

Mzazi mwenzangu, kama mtaani kwenu mko hata wachache, kutaneni mwezi huu, fungueni daftari la mchango na daftari la watoto, kisha nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu. Usajili wa kikundi unaanzia kwake.